Kuku Wanapodonoana: Mwongozo kwa Mfugaji wa Uani, Mikelenge

Ukimkuta kuku mmoja ana damu, mtoe bandani kabla hujafanya lolote jingine. Dawa utaitafuta baadaye. Rangi nyekundu huwavuta kuku wote, hata wapole, na jeraha dogo kama punje ya mahindi asubuhi laweza kuwa shimo kufikia jioni, kwa sababu kila apitaye hulidonoa. Mfunike kitenge kikuukuu ili asione mwanga, naye atatulia mikononi. Mweke kwenye kikapu au boksi lenye matundu ya hewa, kivulini, mbali na kelele, mpe maji. Sasa una nafasi ya kumtazama.

Mtazame kwa makini, maana mahali jeraha lilipo panakueleza kilichoharibika bandani. Ukitibu ngozi ukaacha sababu, wiki ijayo utamtibu mwingine. Nimewaandikia walio na kuku wanane, kumi na watano, labda thelathini nyuma ya jiko, humu Mikelenge, mjini Kindu, au ng'ambo ya mto Lualaba kule Alunguli, wasio na duka kubwa la dawa za mifugo mlangoni pao.

Kuku wa kwetu aliyezoea kuachiwa asubuhi na kurudi magharibi hana tabia hii sana. Mchana wake karibu wote huupitisha akichakura: mbegu, mchwa, majani, vijiwe, vinyesi vya mbuzi. Lakini nyumba zimesogeleana, wezi wapo, pikipiki zinapita kasi, na jirani hataki kuona kuku kwenye bustani yake ya sombe. Kwa hiyo tunawafungia. Ukimfungia kuku, mdomo wake hauachi kutafuta kazi, na usipouwekea kitu cha kudonoa utaugeukia unyoya wa mwenzake.

Kusafisha jeraha

Kama damu bado inatoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika tano kamili bila kuinua kuchungulia. Angalia kama chanzo ni unyoya mchanga uliovunjika. Unyoya unaoota una damu ndani ya shina lake, na ukivunjika hutoa damu nyingi kuliko unavyotegemea. Nao ubonyeze, kisha nyunyizia unga kidogo wa mahindi kwenye ncha iliyovunjika ili damu igande.

Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kijiko kilichosawazishwa na si cha kilima. Acha yawe vuguvugu. Kata kwa mkasi manyoya yanayozunguka kidonda yasije yakagandamana nacho. Mwagia maji hayo mpaka uchafu utoke wenyewe. Bomba la sindano lisilo na sindano, linalopatikana famasi yoyote, linafaa sana kwa kazi hii. Usisugue. Halafu paka dawa ya kahawia ya iodini, ile ya povidone wanayotumia hospitalini, ukiizimua kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji hadi ifanane rangi na chai nyepesi. Usiku paka asali safi, tabaka jembamba. Rudia asubuhi na jioni.

Ngozi ya kuku hupona kwa namna ya kushangaza. Nyama iliyoachwa wazi mgongoni, ikiwa safi na kigaga chake hakikwanguliwi na wenzake, hujifunga ndani ya wiki chache bila kushonwa. Kwa hiyo usikate tamaa haraka. Adui mkubwa hapa Kindu, kwenye joto na unyevu wetu, ni nzi. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja hivi, na mabuu hula chini ya ngozi usiyoiona. Nusa kidonda kila asubuhi na kila jioni. Kikinuka, au ukiona manyoya ya karibu yamelowa, fungua na kagua. Mabuu yatoe moja moja kwa kibano, osha tena kwa maji ya chumvi, na mhamishie kuku ndani ya chandarua kikuukuu au chumba kisicho na nzi.

Kuna vitu watu hupaka ambavyo naomba uviache: mafuta ya taa, oili chafu ya pikipiki, maji ya betri, pilipili. Vyote huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona. Mawese nayo usiyapake kwa kuku atakayerudi kati ya wenzake, maana wekundu wake unawaita. Kuhusu ile dawa ya zambarau, violet de gentiane, nasema jambo ambalo wengi hawajalisikia: inaficha damu vizuri na inaua vijidudu, lakini Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kinashauri isitumike kabisa kwa wanyama wanaoliwa au wanaotoa mayai, kwa sababu hakuna kiwango cha mabaki yake kilichothibitika kuwa salama kwa mlaji. Iodini na asali zinatosha. Ukitaka kuficha wekundu wa kovu lililokwisha kufunga, saga makala laini uyachanganye na vaselini, upake hapo. Kidonda kilicho wazi usikitie makala.

Vidonge vya rangi mbili vya antibiotiki, vinavyofunguliwa na kumiminwa juu ya jeraha, havifai. Kama kuku ana homa, amejikunja, hali, na kidonda kinatoa usaha, muone daktari wa mifugo, na akitoa dawa muulize siku ngapi mayai na nyama visiliwe. Siku hizo zihesabu kweli, hata kama watoto wanalilia yai.

Jeraha linasema nini

Jeraha la kichwani, kwenye upanga au mashavu, huwa ni la ugomvi. Kila kundi la kuku lina ngazi zake, nani anamdonoa nani na nani anapisha. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe ndiye aliyeeleza jambo hili kwa maandishi ya kisayansi mwaka 1922, lakini bibi yeyote mwenye kuku anaijua ngazi hiyo kwa majina. Ugomvi huibuka ukiingiza kuku mgeni, ukichanganya wadogo na wakubwa, au chombo cha chakula kikiwa kimoja na wanyonge hawakifikii. Dawa yake ni nafasi na vyombo zaidi. Ila hakikisha kwanza kwamba si ndui. Ndui ya kuku huleta vipele vigumu vya kahawia kwenye upanga, pembeni mwa macho na mdomoni. Huenezwa na mbu, nao tunao wengi. Jeraha la kudonolewa lina damu mbichi na ukingo uliochanika, vipele vya ndui huota kama chunjua na huonekana kwa kuku kadhaa wakati mmoja.

Mgongo uliokwanguliwa pande mbili, karibu na mabawa, mara nyingi hauhusiani na midomo. Ni kucha za jogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Ukiwa na majogoo watatu kwa mitetea kumi na wawili, wale wanaopendwa zaidi watachubuka. Uza au chinja wa ziada, na ncha za kucha za aliyebaki uzikwangue kwa tupa.

Manyoya yaliyonyofolewa shina la mkia na mgongoni nyuma, ngozi ikabaki tupu na nyekundu, ndiyo alama ya kundi lenye njaa ya kitu fulani au lisilo na kazi. Mdonoaji hapigani. Anakuja polepole kutoka nyuma, anavuta unyoya mmoja, anaumeza. Tabia hii huigwa, na ikizagaa ni vigumu kuizima. Hapa tazama chakula, ndipo utazame banda. Kuku anayekula manyoya ya wenzake mara nyingi anakosa protini au chumvi, au vyote viwili.

Jeraha la kinyeo ni la hatari kuliko yote, na linawapata hasa tembe wanaoanza kutaga, miezi mitano au sita. Yai likitoka, nyama ya ndani hujitokeza kwa muda mfupi, nyekundu na yenye unyevu, kisha hurudi. Akitaga gizani hakuna anayeiona. Akitaga sakafuni mbele ya wote, mmoja atadonoa, na wakishaonja damu huvuta mpaka matumbo yatoke. Kuku hufa kwa saa moja. Kama nyama imejitokeza bila kuchanika, osha kwa maji ya chumvi vuguvugu, nyunyizia sukari kwa dakika kumi ili uvimbe upungue, suuza, paka vaselini kwenye kidole safi na uirudishe ndani taratibu. Mweke gizani siku kadhaa, umpunguzie chakula chenye nguvu ili asimamishe kutaga, maji asikose. Yakiwa matumbo yamechanika, usimtese. Mchinje angali hai kabisa. Na walio Waislamu, nao ni wengi hapa Maniema, wanajua kwa nini hawapaswi kungoja mpaka akate roho.

Vifaranga hudonoana vidole vya miguu, hasa chini ya taa kali na kwenye boksi tupu. Punguza mwanga, watandazie makapi ya mpunga, watawanyie chenga za mahindi wachakure.

Chakula, hapa ndipo penye jambo

Chakula kilichochanganywa kiwandani hutufikia kwa reli kutoka kusini, kwa ndege, au kwa barabara zenye taabu, na bei yake inajieleza. Wengi wetu tunalisha tulicho nacho: muhogo, mahindi, mabaki ya ugali, pumba ya mchele. Vitu hivi vinashibisha bila kujenga manyoya. Unyoya karibu wote ni protini, na yai nalo linadai sehemu yake kila siku. Mtetea anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18. Muhogo una asilimia 2 au 3, mahindi kama 9, pumba laini ya mchele 12 hivi. Changanya hivyo vitatu utakavyo, hutafika.

Tena haitoshi protini kuwa nyingi. Ipo sehemu yake inayoitwa methionini, inayohitajika sana kwa manyoya, nayo ni haba katika karanga na soya. Imo kwa wingi katika samaki na wadudu. Ndiyo maana kiganja cha ndakala kilichosagwa hufanya kazi ambayo debe la pumba halifanyi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakinunua dawa baada ya dawa wakati kilichokosekana kilikuwa kikiuzwa sokoni.

Kwa kilo kumi za chakula cha mitetea, pima hivi: mahindi ya kusaga kilo 5, pumba laini kilo 1.8, soya iliyokaangwa kilo 1.5, ndakala wakavu waliosagwa kilo 0.8, maganda ya konokono au ya mayai yaliyochomwa na kupondwa kilo 0.9, na chumvi gramu 30. Hapo unafikia asilimia 16 na ushee. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe, kwa sababu mbichi ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini. Chumvi usizidishe, huua, na kama ndakala walitiwa chumvi, yako iache. Maganda ya mayai yasagwe mpaka umbo la yai lipotee, wasije wakajifunza kula mayai yenyewe. Ziada ya maganda iweke kwenye kopo pembeni, kila mmoja achukue kwa haja yake.

Mpunga umekaa Maniema tangu wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walipoulima karne ya 19 pande za Nyangwe na Kasongo, kwa hiyo mashine za kukoboa hazituishii. Ila ukiwa mashineni tofautisha: maganda magumu ya nje ni makapi, hayana lishe, kazi yake ni kutandika bandani. Pumba ni ule unga laini unaotoka mchele ukisuguliwa. Nao una mafuta, huchacha upesi kwenye joto letu. Ukinuka ukali, usiwape. Vivyo hivyo mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu ya ukungu huharibu ini la kuku kimyakimya.

Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, kusanya kadiri uwezavyo, waanike, uwahifadhi kwenye bidoni kavu. Vichwa na matumbo ya samaki wa Lualaba chemsha uwape siku hiyohiyo. Wapo wanaofuga mabuu kwenye mzoga ili kulisha kuku. Wasifanye hivyo, mabuu ya mzoga hubeba sumu inayolegeza shingo mpaka kuku akafa.

Halafu mboga, zinazolisha na kuupa mdomo kazi kwa wakati mmoja. Funga fungu la lengalenga, matembele au majani ya mpapai kwa kamba, litundike usawa wa kichwa cha kuku au juu kidogo, wajinyooshe na kuvuta. Fungu lililotupwa chini hukanyagwa na kuisha hamu baada ya muda mfupi, lililotundikwa huwashughulisha nusu siku. Majani mabichi ya muhogo usiwatundikie, yana sumu. Yapondwe na kuchemshwa, au yakatwekatwe na kuanikwa juani kwanza. Na sehemu ya nafaka ya jioni usiiweke chomboni. Itawanye juu ya makapi wachakure mpaka giza.

Banda lenyewe

Kuku wanne kwa kila mita moja ya mraba wanatosha kwa banda la kulala, na wawe na ua wa kutembea mchana. Banda la mita 2 kwa 3 ni la kuku ishirini, ishirini na wanne wakibanana. Fito za kulalia ziwe na sentimita 20 kwa kila kuku, la sivyo wanyonge hulala chini ambako hunyewa na kudonolewa. Vyombo vya chakula viwili, vya maji viwili, viwekwe mbali kimoja na kingine, ili mbabe asiweze kulinda vyote. Inua fito moja juu zaidi au egemeza kipande cha ubao pembeni, mnyonge apate pa kujificha.

Joto huwafanya wakorofi. Mabati bila dari saa saba mchana hugeuza banda kuwa tanuri. Utawaona wameachama na mabawa wameyatanua. Tandika nyasi au makuti ya michikichi juu ya mabati, acha mwanya wa hewa chini ya paa, na badilisha maji mchana yasiwe ya moto. Kuku mmoja hunywa robo lita hivi kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali mara mbili yake. Jua linalopenya tundu na kumulika sakafu ulizibe kwa gunia, kwa maana kila doa na kila kovu huonekana wazi kwenye mwale huo.

Viota viwe kimoja kwa mitetea wanne au watano, kwenye kona yenye giza kuliko zote, mlangoni pake pakining'inia kipande cha gunia. Bidoni la lita 20 lililokatwa ubavu linatosha. Vitengenezwe kabla tembe hawajaanza kutaga.

Usiku nenda na tochi ya simu uangalie chini ya fito, kwenye viungio vya mianzi. Ukiona vijidudu vidogo vyekundu vinatembea, hao ni utitiri: mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hunyonya damu. Kuku asiyelala kwa kuwashwa hujidonoa mwenyewe, kisha wenzake humdonoa palepale. Mimina maji yanayochemka kwenye nyufa zote, choma nyasi za viota, rudia baada ya wiki moja kwa sababu mayai huwa yamebaki. Na wape kuku mahali pa kuoga vumbi. Katika miezi ya mvua udongo wetu haukauki, hivyo kuku hukosa kuoga kwa muda mrefu. Chimba kibwawa kifupi chini ya upenu, kijaze mchanga mkavu na majivu yaliyochekechwa.

Mdonoaji, na kumrudisha aliyepona

Keti karibu na banda saa kumi jioni, nusu saa, bila kuwarushia kitu. Mara nyingi mwanzilishi ni mmoja au wawili. Mtambue kwa manyoya yake kamili wakati wengine wamenyofolewa. Huyo ndiye wa kutengwa, siku tatu au nne mahali wasipomuona. Akirudi huwa amepoteza cheo chake na ana shughuli ya kuanza upya. Akirudia baada ya kurekebisha chakula na nafasi, mpeleke jikoni.

Usimkate wala kumchoma mdomo kwa kisu cha moto au wembe. Mdomo una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha, na kuku aliyekatwa hula kwa maumivu. Norwe ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 1974, Finlandi 1986, Swideni 1988, na wafugaji wao wanaendelea kupata mayai. Mmarekani Andrew Jackson Mdogo aliandikisha miwani ya kukinga macho ya kuku mwaka 1903, kwa hiyo taabu hii ni ya watu wengi na ya muda mrefu, lakini banda zuri ni rahisi kuliko miwani.

Aliyejeruhiwa asirudi mpaka kidonda kimefunga, hakina wekundu, na manyoya yameanza kufunika. Siku tatu kabla, mweke ndani ya tenga au nyuma ya uzio wa mianzi humohumo bandani, waonane bila kufikiana. Kisha muingize usiku, wakiwa juu ya fito, na ikiwezekana muingize pamoja na mwingine ili asiwe mgeni peke yake. Asubuhi yake amka mapema kuliko wao, tundika fungu jipya la matembele, tawanya mahindi pande zote mbili za banda, ukae uangalie.